Mzee Maji-na-Maneno

Kama ulibatizwa ukubwani katika parokia ile, ulipita mikononi mwa katekista wake, Mzee Maji-na-Maneno, na kama ulipita mikononi mwake, yule mwanasesere huwezi kumsahau. Alikuwa wa plastiki, jicho moja limetoka, nywele zimenyonyoka. Kila mwaka, somo la ubatizo lilipofika, Mzee alimlaza kwenye beseni juu ya meza, akajaza maji kikombe cha bati, kisha akawaita wanafunzi mmoja mmoja. "Huyu mtoto anakufa," aliwaambia. "Padri yuko safarini. Wewe ndiye uliyepo. Haya, fanya."

Hapo vituko vilianza. Kuna aliyemwagia maji tumboni. Kuna mama mmoja aliyeanza kwa kumwimbia, na mwalimu mkuu wa shule, mtu wa tai na koti, aliyetaka kwanza kusema maneno machache ya utangulizi. Mzee aliwakatiza wote. "Umeshachelewa. Mtoto amekwenda zake. Maji na maneno, basi. Maji kichwani, maneno mdomoni, kwa pamoja. Mtoto huyu hataki kwaya wala mshumaa. Mtu yeyote anaweza, mwanamume, mwanamke, mwenye dhambi, hata asiye Mkristo, mradi ana nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa." Aliyarudia hayo mpaka watu wakalisahau jina lake na kumpachika hilo la utani. Alijifanya halimhusu, lakini ukimwita hivyo njiani aligeuka haraka kuliko ukimwita jina lake.

Siku za kazi alikuwa fundi viatu. Alikaa barazani kwake kwenye kiti kifupi, mbele yake chuma cha kugongea viatu, pembeni makopo ya gundi, soli za raba, na rundo la viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Misumari midogo aliibana midomoni, na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu pekee ya mteja, maana misumari ikiisha mdomoni, somo linaanza. Ulimletea kisigino kilicholegea ukaondoka na habari za toharani, upende usipende. Wenye haraka zao walipeleka viatu kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye gundi yake ilikuwa mbaya lakini alikuwa bubu.

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, na Mzee alimlea peke yake, akamsuka nywele kwa vidole vinavyonuka gundi, akamshonea viatu vya shule kwa vipande vya ngozi vilivyobaki. Jioni za masomo binti alikaa benchi la nyuma katika chumba kile kilichokuwa nyuma ya kanisa, akichora huku baba yake akifundisha watu wazima. Amri Kumi, sakramenti saba, dhambi ya asili, neema, yote yalimwingia kichwani bila kufundishwa, kama jina la mtu linavyomwingia jirani.

Na hadithi ile ya kila mwaka ilimwingia pia. Kabla ya somo lolote Mzee aliwasimulia wanafunzi habari za mtu mmoja wa karne za mwanzo za Kanisa. Jina hakulitaja. "Jina mtalijua siku ya mwisho," alisema. "Kwa sasa mchukulieni ni jirani yenu." Jirani huyo, ujanani, aliingia na wenzake kwenye shamba la watu wakaiba matunda. Njaa hawakuwa nayo. Walionja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. "Kwa nini waliiba?" Mzee aliuliza. Wanafunzi walijikuna vichwa. "Kwa sababu ilikuwa ni wizi, na wizi ulikuwa mtamu. Hiyo ndiyo hali tunayozaliwa nayo, jamani. Hakuna anayejiponya peke yake."

Kisha jirani akawa msomi, mwalimu wa ufasaha, akajiunga na watu waliohubiri kwamba dunia inagombewa na nguvu mbili, ya nuru na ya giza. Hapo Mzee alichomeka Nasadiki: Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, na alichokiumba ni chema chote. Mama yake jirani alimlilia mwanawe na kumwombea. Siku moja jirani akamdanganya mama yake kwamba anakwenda kumsindikiza rafiki bandarini, akapanda meli akamwacha kanisani anasali. Akina mama wa darasani walikuwa hawamsamehe kwa hilo, hata alipokuja kuwa mtakatifu. Wakati huo alikuwa akiishi na mwanamke bila ndoa, wamepata mtoto wa kiume. Mwisho, akiwa bustanini, amechoka na nafsi yake, neema ikamkuta. Akabatizwa usiku wa Pasaka, yeye na mwanawe, bega kwa bega. Mama akafa akiwa na amani. Mtoto naye akafa, kijana bado. Watu wakamkamata jirani kanisani wakamlazimisha upadri, baadaye akawa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Mwisho kabisa alikufa kitandani, mji umezingirwa na maadui, ameomba zaburi za toba zibandikwe ukutani mbele yake, na ameomba aachwe peke yake alie.

Mtoto naye akafa, kijana bado. Sentensi moja tu, kila mwaka, halafu Mzee anarukia uaskofu. Alikuwa na haraka ya kufika penye mafundisho.

Mafundisho ya jirani yule yalikuwa makali mahali pamoja, na Mzee, alipokuwa bado katekista kijana mwenye kuona kila kitu kimenyooka, alipapenda hapo kuliko kwingine. Jirani alifundisha kwamba hata kichanga kinahitaji maji, na kisipoyapata hakiingii mbinguni, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Katika miaka hiyo mwanamke mmoja mshonaji alifiwa na mtoto mchanga asiyebatizwa. Alikwenda kwa katekista amsomee mtoto sala za maziko. Katekista alikataa kubeba kitabu. Alisimama kando ya kaburi mikono mitupu, na mama alipomuuliza mtoto yuko wapi sasa, alimpa jibu la jirani, neno kwa neno, mpaka lile la adhabu nyepesi. Baadaye vilikuja vitabu vipya vya katekisimu. Kanisa likafundisha kwamba watoto wa namna hiyo tunawakabidhi kwa huruma ya Mungu na tunatumaini wameokoka. Mzee akafundisha hivyo, bila ubishi. Ila kwa Mama Mshonaji hakurudi kumwambia. Na Mama Mshonaji akawa ndiye anayeshona vazi jeupe la kila mtoto anayebatizwa parokiani, mwaka hadi mwaka.

Binti wa Mzee alikua, akapendana na dereva wa lori, mtu mpole mwenye kucheka kwa pua, wakaanza kuishi pamoja. Ndoa ya kanisani walisema watafunga mambo yakikaa sawa. Mambo ya dereva wa lori hayakai sawa upesi. Wakapata mtoto wa kike, na Mzee Maji-na-Maneno akachanganyikiwa kwa mapenzi. Alimwita Mchumba. Aliacha viatu vya watu vikauke gundi ili ambebe. "Mchumba wangu hana meno na mimi yamebaki machache," aliwaambia wateja. "Tutaelewana tu."

Lakini kumbatiza, hapana.

"Mlete tu mtoto, Mzee," Padri alimwambia. Alikuwa kijana, Padri huyo, hapendi kona nyingi. "Wazazi watafunga ndoa, nawaona wana nia."

"Padri, miaka yote nimewaambia watu watengeneze ndoa kwanza. Nimewarudisha majumbani na watoto wao migongoni. Leo nikimpitisha mjukuu wangu uani, kesho nitamtazama nani usoni?"

Binti yake alikuja mwenyewe barazani, mtoto begani, akakaa juu ya kopo la gundi lililogeuzwa. "Baba, huyo askofu wako wa kila mwaka, si mtoto wake alizaliwa nje ya ndoa?"

"Alizaliwa."

"Mbona walibatizwa pamoja?"

"Walibatizwa baba mtu alipoongoka," Mzee alijibu, mdomo umebana msumari. "Ongokeni kwanza."

Lilikuwa jibu zuri. Alilifurahia kutwa nzima, na jioni akamsimulia Padri. Padri hakucheka.

Homa ilimshika Mchumba wakati dereva yuko safarini. Asubuhi alikuwa analia, adhuhuri akaacha kulia, na binti akajua kwamba kuacha huko si kupona. Wakamkimbiza hospitali. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi ya kijani, na pazia lililofungwa fundo ili hewa ipite. Muuguzi alitafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena, mwishowe akaupata mguuni. Binti alimpakata mtoto, mkono mmoja umeshika kichwa, mwingine umeubana ule mguu ili sindano isichomoke. Mzee alisimama kando.

Muuguzi alimvuta Mzee pembeni. "Mzee wangu, sikufichi. Kama kuna jambo la dini mnataka kufanya, msingoje."

Akampigia Padri simu. Padri alikuwa kigangoni, mbali. "Nageuza gari sasa hivi," alisema. "Lakini Mzee, usinisubiri mimi. Unajua la kufanya kuliko mimi."

"Sawa, Padri," alisema Mzee, akasubiri.

Juu ya kabati dogo la kitandani palikuwa na kikombe cha maji ya kunywa. Binti hakuwa na mkono wa kukichukua. Alikionyesha kwa kidevu. "Baba, mbatize."

Mzee alikichukua kikombe. Maneno yalikuwepo, yamejaa mdomoni kama misumari yake. Akamtazama Mchumba wake, ambaye asubuhi ileile alikuwa bado anamvuta ndevu, na moyo ukamwambia kwamba akimwaga maji haya amekubali. Ukishambatiza mtoto namna hiyo umeshasema kwamba anakufa. Asipoyamwaga, basi labda bado ni homa tu, homa kama homa za watoto wote. Hilo la kwanza watu wangemsamehe. La pili hakumwambia mtu mpaka alipomwambia Padri. Ilimpita kichwani fikra ndogo chafu: basi wamepata ubatizo wao bila ndoa. Ilipita upesi kama chafya. Lakini ilipita, na mkono ulikuwa umeshika kikombe ilipopita.

Akachovya kidole, akalowesha midomo ya mtoto.

"Baba, si midomo," alisema binti. "Kichwa."

"Padri yuko njiani, mama."

"Baba."

"Yuko njiani. Atafika."

Binti akamrudishia mtoto macho. Alikuwa amelelewa kumtii, na katika mambo ya dini kuliko yote. Muuguzi alikuja, akainama, akasikiliza kifua cha mtoto, akasikiliza tena. Kisha akaichomoa sindano mguuni taratibu, kana kwamba bado inaweza kuuma. Mzee alikuwa bado ameshika kikombe. Padri alipofika, vumbi mpaka kwenye nyusi, alikikuta mkononi mwake na akakielewa, akamwondolea vidole kimoja kimoja mpaka kikombe kikatoka.

Padri alimzika Mchumba kwa kitabu, sala zote, na maji ya baraka. Kanisa linaruhusu hivyo kwa mtoto ambaye wazazi walitaka abatizwe. Mzee alijua linaruhusu. Alisimama nyuma, karibu na Mama Mshonaji, akisikia kila sala aliyowahi kumnyima. Dereva wa lori alikuwa ameishika koleo kwa mikono miwili, hajui aipeleke wapi.

Baada ya maziko binti hakumwita Baba tena. Hakumtukana wala hakumfungia mlango. Alimpa chakula, akamuuliza kama ameshiba, akaosha sahani. Alimwita Mwalimu, kama watu wote wanavyomwita. Shemeji mmoja wa dereva, mwanamke asiye na breki mdomoni, alimuuliza msibani mbele za watu: "Sasa wewe, mtoto wa katekista, mbona hukumbatiza mwenyewe? Si nasikia yeyote anaweza?"

"Nilimwachia mwenye kujua," alijibu binti. Lakini Mzee, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, aliona kupitia dirishani jinsi alivyoitazama mikono yake baada ya kujibu. Tangu siku hiyo alikuwa akiitazama hivyo mara nyingi. Anamenya viazi, anasimama, anaitazama.

Mama Mshonaji alikuja barazani na kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni jeupe, dogo, na msalaba mwembamba umetarizwa shingoni. "Nilimshonea tangu wiki aliyozaliwa," alisema. "Nilijua tu siku moja utalegea."

Mzee alilipokea, akakosa pa kuliweka, mikono ilikuwa na gundi. Akalilaza magotini. "Mama Mshonaji," alisema, "wewe miaka yote hii uliwezaje kuishi? Na jibu nililokupa."

"Sikukuamini, Mwalimu."

"Hukuniamini?"

"Mengine yote nilikuamini. Amri, sakramenti, ufufuko wa wafu, yote. Hilo la mwanangu sikuliamini hata siku moja. Nilikuona kijana unayejua sana, nikakuacha." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza alivyopika.

Mzee alilitazama gauni. "Mimi siwezi kufanya hivyo," alisema mwishowe. "Aliyesema ni mimi."

Mama Mshonaji akaokota viatu viwili vilivyoachana, akavipanga pamoja, akaondoka.

Mzee alikwenda kwa Padri kuungama, akapiga magoti, na hakujua aiite dhambi gani. Hakuua. Hakuiba. Alisubiri tu. Akaisema ile fikra ya wodini, na ilipomtoka ikawa ndogo na mbaya zaidi kuliko alivyoibeba.

"Mungu hafungwi na kikombe chako, Mzee," Padri alimwambia. "Mtoto yuko mikononi mwa huruma. Kanisa linatumaini, na wewe mwenyewe unalifundisha hilo."

"Nalifundisha, Padri. Tunatumaini, nawaambia, na wanaitikia. Nilikuwa sijui neno hilo lilivyo jembamba ukilishika peke yako."

Padri akamwondolea dhambi. Mzee aliamini kwamba zimeondolewa, maana aliiamini sakramenti kuliko alivyoiamini pumzi yake. Alitoka nje akiwa amesamehewa na hana raha hata chembe. Kusamehewa na Mungu kulikuwa kumekamilika. Lakini nyumbani palikuwa na mtu anamenya viazi na kuitazama mikono yake, na huyo sakramenti haikumfikia.

Aliomba asifundishe mwaka ule. Padri alimwambia apumzike kwa muda anaotaka. Lakini wanafunzi walikuwa wameshaanza, Pasaka ilikuwa inakaribia, na mtu mwingine hakuwepo. Siku ya somo la ubatizo Mzee alijikuta anafungua chumba, anafuta ubao, anamtoa mwanasesere kwenye sanduku. Alimshika kwa kisigino, haraka, bila kumtazama.

Ile hadithi ya jirani hakuwa ameisimulia mwaka huo, na wanafunzi, waliokuwa wameisikia sifa yake kwa wengine, waliidai. Akaanza. Matunda yakaibwa, nguruwe wakala. Mama akaachwa anasali. Akina mama wakaguna kama kawaida. Bustani, usiku wa Pasaka, baba na mwana bega kwa bega majini. "Mama akafa," alisema Mzee. "Mtoto naye akafa, kijana bado." Akasimama hapo. Miaka yote alikuwa amelipita lile kaburi mbio, anakimbilia uaskofu, kumbe mtu yule alilala na kuamka na mtoto aliyekufa, na vitabu vyote alivyoandika baadaye aliviandika akiwa baba wa marehemu. Na bado huyohuyo ndiye aliyefundisha lile jambo la vichanga. Mzee alijaribu kuelewa mtu anawezaje yote mawili, akashindwa. Wanafunzi wakasubiri.

"Halafu?" aliuliza fundi wa gereji aliyekaa mbele. "Na jina lake, Mwalimu?"

"Tuendelee na beseni," alisema Mzee.

Wakaja mmoja mmoja. Walikuwa waoga mwaka huo, wote walijua yaliyompata, na walimwaga maji wakiwa wameshusha macho. Hakuna aliyemwaga tumboni, wala aliyeimba. Mzee hakumwambia mtu kwamba amechelewa. Aliitikia tu kwa kichwa, "Sawa. Anayefuata. Sawa." Aliwaeleza kama kawaida kwamba mtu yeyote anaweza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

Alipoinua macho kumtafuta anayefuata, alimwona binti yake mlangoni. Alikuwa amejifunika mtandio mweusi, viatu amevishika mkononi. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mezani.

Yeye hakumwacha mwanasesere kwenye beseni kama wengine. Alimtoa, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, kiganja kimeshika shingo. Akachukua kikombe kwa mkono wa kulia. Akamwaga maji kichwani mara tatu, na kwa kila mara akasema sehemu yake, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na mwanzoni alitaja jina, jina la marehemu mama yake, lile ambalo Mchumba alikuwa apewe. Sauti haikutetemeka. Maji yakatiririka kwenye kiwiko chake na kudondoka sakafuni. Ilichukua muda mfupi sana. Kila mtu mle chumbani aliona jinsi ulivyo mfupi.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?" aliuliza.

Wanafunzi wote walilijua jibu, walikuwa wamelisikia punde tu. Mzee naye alilijua, na akaona sawasawa alichokuwa anaulizwa. Binti hakuwa amekuja kumtesa. Alikuwa amekuja kujua kama ile siku, na mikono ile anayoitazama kutwa, yeye mwenyewe angeweza. Kama jibu ni hujakosea, basi angeweza, na atakwenda nalo nyumbani na atalala nalo mpaka azikwe.

"Umekosea," alisema Mzee.

Mabenchi yalilia, watu walikuwa wamegeuka wote kwa pamoja.

"Isingefaa," aliendelea. "Wewe ndiye uliyempakata mtoto. Aliyempakata mtoto habatizi. Ni kazi ya yule mwenye mikono mitupu. Ni kazi ya aliyeshika kikombe. Peke yake."

"Lakini Mwalimu," alisema fundi wa gereji, "si umetuambia sasa hivi kwamba yeyote..."

"Nilikosea kuwaambia. Sheria ndiyo hiyo. Mama aliyempakata mwanawe hahusiki. Wekeni akilini hivyo." Mzee Maji-na-Maneno alikuwa anadanganya juu ya sakramenti mbele ya watu waliokuja kubatizwa, katika chumba ambacho hakuwahi kusema neno lisilokuwa katika katekisimu, na alidanganya kama anavyodanganya mtu asiyezoea, akitazama ukuta. Alijua atalazimika kuwarudia wote kuwasahihisha. Alijua pia kwamba mbele ya huyu mmoja angeapa, akitakiwa.

Binti alikuwa amekulia kwenye benchi la nyuma la chumba kile. Sheria za baba yake alizijua zote, hata zile ndogo ambazo Padri huwa anazisahau.

"Haipo sheria hiyo, Baba," alisema polepole, wanafunzi wa nyuma wasisikie.

Hakuwa amemwita hivyo tangu wodini. Mzee alikuwa amelisubiri neno hilo kila siku, na sasa limekuja akaona halikuja kumsamehe, limekuja kumwambia kwamba uongo wake umeonekana na haukusaidia kitu. Binti alimpa kikombe, akamfuta mwanasesere paji la uso kwa pindo la mtandio. Akaenda naye benchi la nyuma, akakaa, amempakata. Mzee alibaki mbele ya darasa na kikombe mkononi, maji bado yamo, na wanafunzi wakimngoja awaambie anayefuata ni nani.